Savri wa Matone

Huku kwetu Chorbogh, kijiji cha milimani, unaweza kumwambia mtu kwamba farasi wake kilema, au ukuta wake umepinda, hata kwamba mwanawe hazimtoshi, na jioni mkanywa chai pamoja kama kawaida. Chumvi yake usiiguse. Mkate na chumvi ndivyo anavyopewa mgeni kabla hajaulizwa jina, na tusi zito kuliko yote tuliyo nayo ni kumwita mtu "asiyejua chumvi". Sasa niambie wewe, nani mwenye akili zake timamu angekubali kazi ya kupita mlango kwa mlango akiwaambia watu kwamba chumvi yao haifai?

Savri alikubali. Tena alikuwa mkamwana. Tena mkamwana wa Bibisoro!

Asiyemjua Bibisoro hajui usafi ni nini. Mjane yule aliosha kila kitu kilichokaa kimya. Aliosha mayai kabla ya kuyachemsha, aliosha kamba ya ng'ombe, na watu walisema hata mvua ikinyesha uani kwake anaitazama kwa shaka. Walimcheka kisirisiri, lakini kila arusi ya mtaa wa juu, bibi arusi alipelekwa kwake afundwe kazi za nyumba. Mikate yake ilisifiwa, mablanketi yake yalinukia, na ukinywa chai kwake huoni hata unywele mmoja wa paka. Jamani, anayestahili sifa apewe.

Savri aliletwa katika nyumba hiyo akiwa na miaka kumi na minane. Mumewe Rajabali alikuwa kama wanaume wengi wa bonde hili: majira ya baridi yuko nyumbani, theluji ikiyeyuka anapanda treni kwenda kwenye kazi za ujenzi Urusi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nyumba ilibaki na wanawake wawili na ng'ombe mmoja. Mkamwana wa kwetu huamka wa kwanza na kula wa mwisho, na mama mkwe anapomsema, yeye huangalia vidole vya miguu yake. Savri aliyafanya yote hayo bila kununa.

Mwaka wa kwanza alibeba mimba. Ikafika mwezi wa tisa, akajifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya wilaya. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Walimzika siku ileile. Bibisoro hakulia mbele za watu. Alirudi nyumbani akafua mablanketi yote, yaliyotumika na yasiyotumika, mpaka viganja vikapasuka, na Savri akawa anamtazama kutoka kitandani asijue nani amfariji mwenzake.

Miezi mingi baadaye alikwenda zahanati kutafuta dawa ya kikohozi. Nesi wetu, Davlatmo, ni mama mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Badala ya kumpa dawa akamshika shingo.

"Hiki kiuvimbe umekipata lini?"

"Sijui, Mama Davlatmo. Kwetu wote tunacho. Mama yangu mzazi anacho kikubwa kuliko hiki."

"Wote kuwa nacho si ruhusa ya kuwa nacho! Hili ni rovu, linaanza."

Akamkalisha, akamweleza. Udongo wa milima yetu hauna madini joto, na mwili ukiyakosa shingo huvimba. Mwanamke mwenye mimba akiyakosa, mtoto anaweza kuumia kabla hajauona ulimwengu: wengine huzaliwa na akili nzito, wengine hawafiki kabisa.

Savri akauliza, "Na wangu?"

"Wako sijui, mwanangu. Atakayekuambia anajua, anakudanganya. Ninalolijua ni kwamba kinga yake ni chumvi ya pakiti, ile iliyotiwa madini hayo. Iko dukani, bei yake haizidi kikombe cha chai. Lakini watu wako wanapenda ile ya mawe kutoka mlimani, ati kwa kuwa babu zao waliila. Nao babu zao, waulize, walikuwa na shingo kama mifuko."

"Nipe kazi," Savri akasema. Nesi alidhani hakusikia vizuri. Savri akarudia, safari hii akimtazama usoni, jambo ambalo mkamwana wa Chorbogh halifanyi.

Wakati huo kijijini kulikuwa na kikundi cha vijana sita wa afya, na huko ndiko nesi alikompeleka. Kiongozi wao alikuwa Hokimsho, mpiga mieleka aliyekwisha kujishindia zawadi ya kondoo dume watatu kwenye sherehe za masika. Ungemwona! Asubuhi aliwapanga wazee nyuma ya msikiti, akawanyoosha mikono na migongo huku wakimlaani kwa mapenzi. Aliwafundisha watoto wa shule kupiga mswaki, na siku moja alisimama mbele ya sufuria ya wali wa arusi akamwomba mpishi apunguze mafuta ya mkia wa kondoo. Mpishi alimkimbiza na mwiko. Lakini sherehe iliyofuata mafuta yalipungua, na sisi tuliokula tunajua.

Hokimsho alikuwa na sanduku la vichupa vya matone kutoka wilayani. Unadondosha tone moja juu ya chumvi: ikiwa na madini joto inageuka buluu, ikiwa haina inabaki nyeupe. Kazi rahisi kama kumenya yai. Lakini nyumba ya kwanza aliyoingia alitoa kichupa kabla hata hajaketi, na mwenye nyumba akatoka na fagio. "Umekuja kuipima chumvi yangu kama polisi? Baba yako aliila chumvi hii, asiyejua chumvi wee!" Kijana anayeangusha majitu uwanjani aliruka ukuta.

Savri alipopewa kichupa hakufanya hivyo. Aliingia, akasalimu, akaketi. Akaomba mkate. Akakata kipande, akachovya katika chumvi ya wenyeji, akala akatafuna akameza, akamshukuru Mungu na mwenye nyumba. Hapo ndipo aliposema, "Sasa nimeshakula chumvi yenu, shangazi, mimi ni wenu, siwezi kuwatakia baya. Niruhusuni niitazame." Nani atamfukuza mtu aliyekula chumvi yake? Nyumba arobaini na tatu alizipita hivyo, siku nyingine akirudi nyumbani hawezi hata kuutazama mkate. Watoto wakaanza kumwita Savri wa Matone. Shingo za watu hazishuki kwa wiki moja, lakini mwaka haukuisha, mwenye duka akaacha kuleta chumvi ya mawe kwa kukosa wanunuzi. Msichana wa miaka ishirini! Mimi nina umri wa kumzaa, na kazi hiyo nisingeithubutu.

Nyumba moja tu hakuipima. Ya kwake. Na kwa nini aipime? Bibisoro mwenyewe alinunua pakiti, Savri alimwona kwa macho yake. Isitoshe, chombo cha chumvi cha nyumba ile kilikuwa chini ya mkono wa Bibisoro. Yeye ndiye aliyekijaza, saa ambazo Savri yuko chemchemini, na yeye ndiye aliyetia chumvi chunguni; mkamwana hakukigusa.

Rajabali alikuja majira ya baridi, akaondoka theluji ilipoyeyuka. Mwezi wa tatu baada ya hapo Savri alikwenda kwa nesi, na nesi akamwambia alilokwisha kulihisi. Alikuwa na mimba tena. Walikubaliana wasimwambie mtu mapema, kwa kuogopa macho ya watu na kwa kuogopa kuzika matumaini ya Bibisoro mara ya pili. Kila usiku Savri alijifariji kwa jambo moja: safari hii mtoto anakula chumvi yenye kitu ndani.

Basi ikaja Ijumaa ya kupima chumvi ya kijiji kizima. Kila nyumba ilete chembe kidogo kwenye baraza ya zahanati, watu waone. Wanawake walijaa, kelele juu kama sokoni, na mbele kabisa alisimama Bibisoro na kilemba cheupe. Chumvi yake ilikuwa imefungwa katika kitambaa safi, mafundo mawili.

"Anzeni na yangu," akasema, "watu waone mfano."

Savri akatabasamu, akafungua mafundo, akadondosha tone. Wakangoja. Akadondosha la pili. Chumvi ilikaa palepale, nyeupe kama mtindi.

Jirani yao Tojinisso alikuwa ameingoja siku kama hiyo miaka kumi. "Makubwa! Kinyozi hajinyoi! Anatutembelea sisi na vichupa, kumbe kwao wanakula ya mlimani!"

Vicheko vikapasuka. Bibisoro alibadilika rangi. "Nimenunua dukani! Pakiti! Huyu mwenyewe aliniona!"

Hokimsho aliinama akamnong'oneza Savri, "Dada, nina pakiti hapa chini ya meza. Jifanye umekosea tone, nibadilishe haraka. Hakuna atakayejua."

Savri aliitazama ile chumvi nyeupe. Hakuwa anafikiria aibu. Alikuwa anahesabu kichwani: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Yote nyeupe.

"Hapana, kaka," akasema. Kisha akainua sauti, mbele ya mama mkwe wake na kijiji chote: "Nyumba ya Bibisoro. Nyeupe."

Siku ile nyumba nyingine kumi na moja za mtaa wa juu zilitoka nyeupe, na zote ziliapa kwa mkate kwamba zilinunua pakiti. Watu wakaanza kumgeukia mwenye duka, maskini wa Mungu, wengine wameshakunja mikono ya mashati. Hokimsho akasimama mbele yao kwa kifua kile chake, akafungua pakiti mpya kutoka dukani, akadondosha. Ikawa buluu kama wino. Duka halikuwa na kosa. Kitu fulani kilikuwa kinatokea kati ya duka na chungu, na hakuna aliyekijua.

Nyumbani, Bibisoro hakungoja hata wafike mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

Savri akaangalia vidole vya miguu yake.

"Tojinisso anicheke mimi? Mimi! Nilikupokea kama binti yangu, nikakuuguza, nikakutetea wakati wanasema tumbo lako halishiki. Ndiyo malipo? Ungekohoa tu, ungemwaga kichupa, ungefanya lolote! Kuanzia leo hutoki. Matone yako mrudishie yule mpiga mieleka. Ukitoka tena kwa kazi hiyo, usirudi hapa. Njia ya kwa baba yako unaijua."

Usidhani ni maneno matupu. Mkamwana anayerudishwa kwao huku kwetu hubaki kama kikombe kilichovunjika sikio. Kinatumika, lakini mgeni hapewi. Savri alilia zizini, uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

Kesho yake nesi Davlatmo alipita kwa kisingizio cha kuomba maziwa. Alipobaki naye peke yake akamchomekea pakiti chini ya aproni. "Hii yako. Itie kwenye bakuli lako mwenyewe, ukila. Mwache mama mkwe wako na hasira zake. Okoa tumbo lako."

"Na wale kumi na mmoja?" Savri akauliza. "Zulolmo hapo chini ana mimba ya miezi sita."

"Wewe si nesi wa Zulolmo."

"Basi nani?"

Nesi akachukua maziwa yake akaondoka; habari hii mimi nimeisikia kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku ya tatu Savri alitumwa kuchota maji chemchemini. Bomba lilikuwa limekauka, akarudi na ndoo tupu kabla ya muda. Akaingia uani kimyakimya, akasimama. Bibisoro alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la shaba, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni. Alikuwa anaosha kitu kwa haraka, jinsi unavyopitisha mchele kwenye maji, anamwaga, anatia maji mengine, anasukasuka. Kando yake kulikuwa na pakiti tupu na kitambaa kimetandazwa juani.

Chumvi! Alikuwa anaosha chumvi!

"Mama, unafanya nini?" Lilimtoka kabla hajalishika.

Bibisoro hata hakugeuka. "Unaona nafanya nini. Ninaitakasa."

"Chumvi?"

"Chumvi ndiyo! Wewe unajua imepita mikono ya nani huko kiwandani? Utotoni kwetu ilishuka mlimani juu ya punda, ina matope, ina samadi. Mama yangu alinifundisha: maji matatu, upesi upesi isiyeyuke, kisha juani. Mtu msafi hali chumvi bila kuiosha." Akakung'uta vidole. "Mabibi arusi wote wa mtaa huu nimewafundisha mimi."

Savri aliweka ndoo chini. Kichupa alikuwa bado hajakirudisha; kilikuwa mfukoni mwa aproni, na mkono wake ulikishika wenyewe. Angeweza kunyamaza. Ile pakiti ya nesi ilikuwa imefichwa chini ya godoro, mtoto wake angepona hivyohivyo, na amani ingerudi nyumbani. Lakini mtaani hapohapo Zulolmo naye alikuwa anaosha, vizuri kabisa, jinsi alivyofundwa.

Alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake. Akachukua sahani, akachota maji ya kuoshea kutoka kwenye beseni, machafu kidogo, akayaweka. Kwenye sahani ya pili akaweka chembe za chumvi iliyooshwa. Akadondosha tone katika kila moja.

Chumvi ilibaki nyeupe. Maji yakawa buluu.

Bibisoro alikunja uso. "Rudia."

Akarudia. Maji yakawa buluu.

"Rudia tena. Nipe mimi." Akakinyakua kichupa, akadondosha mwenyewe. Ikawa vilevile. Akaketi chini, juu ya udongo, Bibisoro ambaye hajawahi kuketi mahali pasipofagiliwa. Akalivuta beseni karibu, akachungulia ndani.

"Kwa hiyo nilikuwa ninaimwaga," akasema. "Ile dawa. Kila wiki, mpaka mferejini."

"Hukujua, Mama."

"Na yule." Akaiokota ile pakiti tupu. "Yule mtoto. Ulikuwa unakula kwa mkono wangu."

Savri alijua swali hilo lingekuja, maana yeye mwenyewe alishajiuliza mara elfu. Akamshika kiganja, kikiwa bado na maji ya chumvi. "Mwaka ule tulikuwa tunakula ya mlimani, Mama. Ile hata usingeiosha haikuwa na kitu cha kutoka. Na nesi mwenyewe anasema hajui kama ni chumvi au ni jambo jingine."

"Usinipake mafuta."

"Sikupaki. Ningekuwa nakupaka ningebadilisha chumvi ile siku ya Ijumaa."

Mama mkwe akamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walitazamana kwa muda mrefu hivyo, macho kwa macho, na hakuna aliyekasirika.

"Mama, kuna jambo jingine. Nina miezi minne."

Bibisoro hakupiga kigelegele. Hakumshukuru Mungu kwa sauti, hakukimbilia ukutani kuwaambia majirani. Alinyanyuka, akaimwaga ile chumvi yote iliyooshwa kwenye shimo la takataka, akafuta mikono, na swali lake la kwanza likawa hili: "Nani mwingine ana mimba mtaani?"

"Zulolmo. Na yule wa nyumba ya mwalimu."

"Zulolmo nilimfunda mwenyewe," akasema. "Lete viatu vyangu."

Kwa Zulolmo walikwenda saa ileile, mguu mosi mguu pili, na kwa yule wa mwalimu pia. Lakini zilibaki nyumba tisa, na Bibisoro hakutaka kunong'ona mlango kwa mlango kama mwizi. Ijumaa iliyofuata alikwenda tena barazani. Safari hii alibeba beseni la shaba kwapani, na pakiti, na kitambaa. Wanawake walimpisha walipomwona. Walidhani amekuja kugombana.

Aliweka beseni mezani. Akaosha chumvi mbele yao, maji matatu, kwa ufundi wake wote, na wanawake wa mtaa wa juu wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo hasa, mkono wenyewe ule. Kisha akamnyooshea Savri kiganja, apewe kichupa. Akadondosha kwenye chumvi. Akadondosha kwenye maji. Akaliinamisha beseni kila mtu aone ile buluu.

"Mmeona? Hivi niliwafundisha mimi. Nimekosea."

Ningependa kukuambia kwamba watu walipiga makofi, lakini wewe unawajua watu. Tojinisso alianza kucheka. "Ama kweli! Usafi umekuponza!"

"Cheka, Tojinisso, una haki," Bibisoro akasema. "Nikiwa wewe ningecheka zaidi. Lakini ukimaliza, nenda mbio nyumbani, maana mkamwana wako pia nilimfunda mimi."

Tojinisso alifunga mdomo, akakusanya gauni, akaondoka kwa mwendo ambao umri wake haukuuruhusu. Hapo ndipo wengine walipocheka. Bibisoro aliendelea bila kutabasamu: chumvi itiwe chungu kikishuka motoni, ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua. Mengine yote oshani, akasema, na vichwa vya waume zenu pia. Kisha akamshika Savri mkono, jambo lisilofanywa hadharani, akawaambia, "Huyu alisema kweli juu yangu mbele yenu, nami nikataka kumfukuza. Mkipata mkamwana kama huyu, msirudie ujinga wangu."

Kuanzia siku ile walipita pamoja, mmoja na kichupa, mwingine na beseni. Hokimsho alilalamika kwamba kikundi chake cha vijana kimeingiliwa na bibi mwenye miaka sitini. Bibisoro alimjibu kwamba yeye ni kijana kuliko magoti yake yeye Hokimsho, na kwa kweli mieleka ilikuwa imeshamwumiza. Leo Savri anafundisha vijana wa vijiji saba jinsi ya kuingia nyumba ya mtu, na bado anawaambia neno lilelile: kula kwanza. Mimi nasema mtu wa namna hii hahitaji cheo. Lakini siku ninayotaka uijue ni moja tu.

Ilikuwa mchana, mwezi ambao mwaprikoti wa kwetu, ule wa matunda ya manjano ya kukausha, umeshapukutisha majani yote. Savri alipelekwa hospitali ya wilaya alfajiri. Rajabali alikuwa njiani, treni imechelewa. Nje ya mlango wa wadi ya wazazi Bibisoro aliketi kwenye benchi tangu asubuhi, mikono juu ya mapaja, hataki chai, hataki mkate. Nesi Davlatmo, aliyemsindikiza, alijaribu kumzungumzisha, akaacha. Watu wawili wale walikuwa wameshaketi kwenye benchi lile siku ya yule mtoto wa kwanza, na wote wawili walilikumbuka.

Saa saba na nusu mtoto alilia.

Hakulia kwa adabu. Alilia kwa nguvu zote, mpaka sauti ikapita ukumbini na mtu mmoja wa wadi ya jirani akachungulia. Davlatmo alisimama huku magoti yakilia, akafungua mlango. Mkunga kijana alikuwa anamsukasuka mtoto, anamwimbia, anahangaika kumbembeleza. "Ni msichana, bibi," akamwambia Bibisoro, kwa aibu kidogo, kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaonuna. "Anapiga kelele sana, samahani, sasa hivi nitamnyamazisha."

Bibisoro alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Mwacheni alie," akasema. "Nawaombeni. Mwacheni kwanza alie."